KAMBI ZA MAJESHI YA KIGENI: Jinsi Zinavyotafutwa na Kutiwa Katika Ramani

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Thika hupita mahali panapoitwa Kahawa kabla ya kufika Ruiru. Hapo huona majengo ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, wanafunzi wengi, na magari yakipakia abiria. Wengi wapitao hawajui kwamba majengo ya kwanza ya chuo hicho yalijengwa kwa ajili ya askari wa Kiingereza, wala kwamba askari hao waliwekwa hapo ili wawe tayari kupelekwa kwa ndege mahali pa mbali vita vikitokea. Kambi hiyo iliitwa Templer. Ilijengwa, ikatumiwa kwa miaka michache, ikakabidhiwa, na sasa jina lake halitajwi ila na wachache.

Wako watu katika nchi mbalimbali wanaofanya kazi ya kutafuta mahali pa namna hiyo. Huchagua dola moja, wakachunguza ni wapi imeweka askari wake nje ya mipaka yake, wakaandika kila mahali katika daftari, kisha wakatia yote katika ramani. Katika makala hii tutaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, tukitumia hasa mifano ya Uingereza iliyo karibu nasi. Tutaeleza pia kwa nini mambo haya yampasa mkulima wa Ruiru na karani wa Thika, wala si wanajeshi na wanasiasa peke yao.

KAMBI NI KITU GANI?

Swali hili laonekana jepesi, lakini ndilo gumu kuliko yote. Tarehe 24 Novemba 2020, wachunguzi wa habari wa Declassified UK huko Uingereza walitangaza kwamba majeshi ya nchi yao yana mahali 145 katika nchi 42. Kati ya hizo, 60 zilisimamiwa na Uingereza yenyewe. Nyingine 85 zilikuwa mali ya mataifa rafiki, lakini askari wa Kiingereza walikuwamo au waliruhusiwa kuzitumia. Basi mtu ahesabuye 60 hasemi uongo, na ahesabuye 145 hasemi uongo pia. Tofauti yao ni maana waliyolipa neno lenyewe.

Habari za Marekani ni vivyo hivyo. Profesa David Vine, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kiitwacho Base Nation, alihesabu kambi za Marekani katika nchi za kigeni yapata 800. Wizara ya Ulinzi ya Marekani nayo imekuwa ikitoa orodha yake ya mali ya jeshi, lakini katika orodha hiyo sehemu ndogo hazikutajwa kwa majina. Zilijumlishwa zote pamoja chini ya neno “nyinginezo”. Mtu asomaye orodha bila kujua kanuni hiyo hudhani kwamba ameona kila kitu.

Turudi Kahawa, nasi tutaona ugumu huo kwa macho yetu. Jina hilo moja limebeba mambo matatu. Iko kambi ya zamani ya Waingereza, ambayo ni chuo kikuu. Iko kambi ya Jeshi la Kenya. Tena, kwa miaka mingi Waingereza walikuwa na sehemu yao ndogo iitwayo Kifaru huko Kahawa, kwa ajili ya kazi za nyuma ya mazoezi yao yanayofanyika kaskazini. Je, mchoraji wa ramani atie alama moja, au tatu, au asitie kabisa? Hawezi kujibu mpaka awe ameamua kwanza maana ya neno “kambi”, na kuiandika wazi ili msomaji wake aijue.

Kwa sababu hiyo yafaa kugawanya mahali hapo katika mafungu. Fungu la kwanza ni ardhi iliyo chini ya dola ya kigeni kwa sheria, kama Akrotiri na Dhekelia katika kisiwa cha Cyprus, ambazo Uingereza ilijiwekea kisiwa kilipopata uhuru mwaka 1960. La pili ni kambi iliyojengwa katika ardhi ya nchi nyingine kwa mkataba. La tatu ni kambi ya wenyeji ambamo wageni wamepewa sehemu. La nne ni viwanja vya mazoezi, ambavyo pengine havina hata ua, na hutumiwa kwa majuma kadhaa kisha vikaachwa. La tano ni kambi zilizofungwa. Mtu akichanganya mafungu haya, ramani yake itapendeza macho lakini haitamfundisha mtu ye yote.

KAHAWA ILITOKA WAPI

Kambi haioti kama uyoga. Mara nyingi hujengwa mahali pamoja kwa sababu nyingine imefungwa mahali pengine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliona kwamba Uhindi, iliyopata uhuru mwaka 1947, haitakuwa tena ghala lao la askari. Misri nayo iliwataka waondoke katika eneo la Mfereji wa Suez. Mwaka huo huo wa 1947 walianza kujenga maghala makubwa ya kijeshi huko Mackinnon Road, katika njia ya reli ya Mombasa. Kazi ile haikufika mbali. Baada ya miaka michache iliachwa. Mahali pale pakawa kambi ya kuwafungia watu wakati wa Hali ya Hatari, hasa baada ya msako mkubwa uliofanywa Nairobi mwezi wa Aprili 1954.

Mwaka huo wa 1954 Uingereza na Misri zilipatana, na askari wa mwisho wa Kiingereza waliokuwa Suez waliondoka mwezi wa Juni 1956. Ndipo Kenya ilipofikiriwa tena. Kambi ya Kahawa ilijengwa mwishoni mwa miaka hiyo, kati ya mashamba ya kahawa. Kulikuwa pia na askari huko Gilgil, na Jeshi la Anga la Uingereza lilikuwa Eastleigh, Nairobi. Mwezi wa Julai 1961, serikali ya Iraki ilipodai kwamba nchi ya Kuwait ni yake, askari wa Brigedi ya 24 walipelekwa huko kwa ndege kutoka Kenya. Kwa hiyo mambo yaliyoamuliwa katika Ghuba ya Uajemi yaligusa njia ya Thika siku chache tu baadaye.

Uhuru wa Kenya ulikuja tarehe 12 Desemba 1963. Mwezi uliofuata askari wa Kenya Rifles waliasi huko Lanet, na askari wa Kiingereza waliokuwa bado nchini walitumiwa kuwazima. Kisha serikali mbili zilikubaliana kwamba majeshi ya Uingereza yaondoke kabla ya mwaka mmoja wa uhuru kutimia, nayo yaliondoka. Mwaka 1965 kambi ya Templer ilikabidhiwa kwa Serikali ya Kenya, ikafanywa Chuo cha Kenyatta, ambacho mwaka 1985 kilikuwa chuo kikuu kamili.

Habari hizi zamfundisha mchoraji jambo moja kubwa: kila alama katika ramani sharti iwe na tarehe mbili, ya kuanza na ya kwisha. Hata kambi iliyofungwa isifutwe. Waingereza waliondoka katika kituo chao cha manowari huko Bahrain mwaka 1971. Mwaka 2018 walifungua kituo kipya huko huko. Mtu aliyekuwa amefuta alama ile ya kwanza angedhani kwamba jambo ni geni.

NJIA MOJA MPAKA NANYUKI NA ARCHERS POST

Njia ipitayo Kahawa, Ruiru na Thika haiishi Thika. Huendelea mpaka Sagana, Karatina na Nanyuki, ikashuka Isiolo, ikapita Archers Post na kwenda Marsabit na Moyale. Akifuata njia hiyo moja, mtu ataweza kuona karibu mafungu yote tuliyotaja isipokuwa lile la kwanza.

Nanyuki, yapata kilometa 200 kutoka Nairobi, ndipo makao ya idara ya mazoezi ya Jeshi la Uingereza katika Kenya, ijulikanayo kwa jina la BATUK. Kwa kawaida watumishi wake wa kudumu si wengi. Wageni hasa ni vikosi vinavyokuja kufanya mazoezi kwa majuma kadhaa kisha vikarudi kwao. Mkataba umeruhusu mpaka bataliani sita kwa mwaka. Mwezi wa Januari 2021 kambi mpya iitwayo Nyati ilifunguliwa huko. Wako wenyeji waliopata kazi kambini, na wafanya biashara waliopata wanunuzi. Jambo hilo ni kweli, nalo lapasa kuandikwa.

Lakini viwanja vya mazoezi vina habari nyingine. Katika Dol Dol na Archers Post, wafugaji wa Kimasai na Kisamburu walichunga mifugo mahali palipokuwa pamepigwa mabomu, na mengine yalikuwa hayajalipuka. Watu waliuawa, na wengine walipoteza mikono, miguu au macho. Wengi wao walikuwa watoto. Shauri lao lilipelekwa Uingereza. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu 228 jumla ya pauni milioni nne na nusu.

Hapo tuone kwa nini daftari na ramani ni mambo ya maana. Viwanja vile havikutumiwa na Waingereza peke yao. Jeshi la Kenya pia lilivitumia. Basi swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa hili: bomu hili ni la nani? Mchungaji aliyepoteza mkono hana njia ya kujibu swali hilo. Jibu limo katika maandishi: ni kikosi gani kilichokuwa pale, mwezi gani, kikitumia silaha gani, na nani alisafisha uwanja baadaye. Maandishi hayo yakikosekana, mwenye haki na asiye na haki huwa sawa.

Mambo mengine yamefuata. Mwaka 2012 mwanamke kijana aliuawa Nanyuki, na mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo hicho alisema kwamba aliuawa na askari wa Kiingereza, mmoja au wawili. Mwezi wa Machi 2021 moto ulianza wakati wa mazoezi huko Lolldaiga, ukateketeza maelfu ya ekari, na wakaaji wa karibu walikwenda mahakamani Nanyuki. Mwaka 2024 kamati ya Bunge la Kenya ilikwenda kusikiliza malalamiko ya wananchi wa Laikipia na Samburu. Katika mambo hayo yote, wananchi waliuliza maswali yale yale: mipaka iko wapi, mkataba wasema nini, na ni nani awezaye kumshitaki nani?

JINSI YA KUTAFUTA

Watu wengi hudhani kwamba kazi hii ni ya upelelezi. Sivyo. Sehemu kubwa ya habari imekwisha kuchapishwa. Shida ni kwamba imetawanyika. Mtafutaji hufuata hatua hizi.

Kwanza, husoma maandishi ya Serikali. Gazeti Rasmi la Kenya hutangaza mambo ya ardhi na sheria. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge, la Nairobi na la London, zina maswali na majibu ya mawaziri. Mkataba wa ulinzi kati ya Kenya na Uingereza uliotiwa sahihi mwaka 2021 ulipelekwa mbele ya Bunge la Kenya na kujadiliwa, na maneno yake yaweza kusomwa.

Pili, huenda katika nyumba za kuhifadhi nyaraka. Yetu iko Moi Avenue, Nairobi. Ya Uingereza iko Kew, karibu na London. Yafaa kukumbuka kwamba mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa wameishitaki Serikali ya Uingereza, ilijulikana kwamba maelfu ya majalada yaliyoondolewa makoloni wakati wa uhuru yalikuwa yamefichwa mahali paitwapo Hanslope Park. Baadaye yalihamishiwa Kew ili watu wayasome. Kwa hiyo mtu asikate tamaa akiambiwa kwamba karatasi hazipo.

Tatu, hutazama ramani za zamani na mpya. Makao ya Idara ya Upimaji ya Kenya yako Ruaraka, katika njia hiyo hiyo ya Thika. Ramani zake za kipimo cha 1:50,000 huonyesha nusu kilometa ya nchi katika kila sentimeta moja ya karatasi. Mtu akiweka ramani ya kale karibu na mpya, ataona shamba lililokuwa kambi, na kambi iliyokuwa mji. Siku hizi ziko pia picha zilizopigwa kutoka angani na setilaiti, ambazo mtu huweza kuziona kwa njia ya intaneti. Humo hutafuta uwanja wa ndege, nyumba za namna moja zilizopangwa kwa mistari, ua wa senyenge, na viwanja vya kulenga shabaha. Lakini picha huonyesha nyumba tu. Haimtaji mwenye nyumba. Shule ya bweni na kambi ya jeshi zikionwa kutoka juu huweza kufanana sana.

Nne, huuliza watu. Katika Ruiru na Thika wako wazee wanaokumbuka miaka ile ya askari wa Kahawa. Mzee huweza kusema jambo lisilo katika karatasi yo yote: ni shamba la nani lililochukuliwa, maji yalitoka mto gani, lango lilikuwa wapi. Aulizwe kwa heshima, na maneno yake yaandikwe pamoja na tarehe aliyoyasema. Kumbukumbu za mtu huchanganyika kadiri miaka ipitavyo, kwa hiyo lisemwalo na mzee mmoja litafutiwe shahidi wa pili.

Tano, huomba kwa barua lile lisilopatikana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 35, humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya mwaka 2016 imeweka siku 21 za kujibu. Uingereza nayo ina sheria ya namna hiyo, na hata mtu asiye raia wake aweza kuandika. Sheria zote mbili huruhusu habari nyingine zizuiliwe kwa ajili ya usalama wa taifa, lakini ombi likikataliwa, sababu hutolewa kwa maandishi, na mwombaji aweza kukata rufani.

Mwisho, kila jambo hutiwa katika daftari lenye safu: jina la mahali, fungu lake, mwenye ardhi, mtumiaji, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, na ushahidi. Jambo lenye mashahidi wawili wasiotegemeana huhesabiwa kuwa thabiti. Lenye shahidi mmoja huwekewa alama ya swali. Lisilo na shahidi haliingii katika ramani, hata likipendeza namna gani.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Kuandika historia na mipaka ya kambi ni jambo moja. Kufuatia mienendo ya askari ni jambo lingine. Mtafutaji mwema hasimami langoni akipiga picha, haingii mahali palipokatazwa, wala haandiki saa za zamu, idadi ya walinzi, au nyumba za askari na jamaa zao. Katika Kenya sheria yakataza mambo hayo, na zaidi ya sheria, maisha ya watu yamo hatarini. Tarehe 5 Januari 2020 kambi ya Manda Bay katika Lamu ilishambuliwa, na Wamarekani watatu wakauawa.

Pengine wanajeshi hujifichua wenyewe bila kujua. Mwezi wa Januari 2018 iligunduliwa kwamba ramani iliyotolewa na kampuni ya Strava, inayoonyesha njia za watu wafanyao mazoezi ya kukimbia, ilikuwa imechora pia mizunguko ya askari ndani ya kambi zao. Jambo likiwa limekwisha kuonekana, si lazima kila mtu alitangaze zaidi. Ajiulize kwanza: habari hii yamsaidia raia kujua haki yake, au yamsaidia adui kujua pa kupiga?

Kwa wale wakaao karibu na viwanja vya mazoezi liko onyo moja kubwa kuliko yote. Chuma usichokijua kisiguswe, kisipigwe jiwe, wala kisiuzwe kama chuma chakavu. Mahali pake pakumbukwe, watoto waondolewe, na polisi au chifu aarifiwe mara moja.

FAIDA YA RAMANI HII

Mtu aweza kusema, “Mambo haya ni ya wakubwa, mimi yanihusu nini?” Jibu liko Kahawa na liko Archers Post. Kahawa ilikuwa na mipaka iliyojulikana, mkataba uliojulikana, na siku ya kuondoka iliyojulikana. Siku ilipofika, kulikuwa na kitu cha kukabidhiwa, na watoto wa nchi wakapata shule. Katika Archers Post mipaka haikuonekana kwa mchungaji, na mahali palipoanguka mabomu hapakuandikwa mahali ambapo yeye angeweza kupasoma. Hapo watoto walijifunza mpaka kwa kupoteza miguu yao.

Kutia kambi katika ramani si kumwonea mgeni uadui, wala si kumkaribisha. Nchi huweza kuamua kwamba mgeni akae, au kwamba aondoke. Hilo ni la wananchi na Bunge lao. Lakini hawawezi kuamua vema juu ya jambo wasilolijua lilipo, lilianza lini, wala litakwisha lini. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na ardhi ndiyo mali kubwa tuliyo nayo. Basi mwenye mzee nyumbani aliyefanya kazi Kahawa, amwulize leo, aandike asemayo, na ayaweke mahali pema.